Nilivyomrusha Bibi Kutoka Sebuleni

Kuna watu duniani wanaoamini kwamba mimi ni injinia wa ndege, nina miaka arobaini na moja, na nimefanya kazi kwenye viwanja vitano. Niliwaambia mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuwalaumu. Ukweli ni kwamba niko kidato cha tatu, nakaa Ilembo, mjini Mpanda, na injini pekee niliyowahi kuifungua kwa mikono yangu ni ya mashine ya kusaga ya jirani. Mpaka leo haisagi vizuri na jirani hajui kwa nini.

Yote yalianzia kwenye gemu. Ni gemu la simu, la kurusha ndege. Wengine wanarusha tu zile walizozikuta humo, wakichoka wanafuta. Sisi wengine tunajenga. Unapewa vipande, mirija, mabawa, matairi na injini, unakata, unavuta, unabandika, mpaka upate ndege inayofanana na ya kweli. Ukimaliza unaiweka kwenye ukurasa wa gemu, watu wa nchi zote wanaipakua kwenye simu zao na kuirusha. Wanakupa nyota, au wanakutukana kwa lugha usiyoijua. Mshahara wake ni sifa, na mimi sifa nazipenda kuliko wali.

Wenzangu wa ukurasani wanajenga ndege za kivita, wakiangalia michoro yenye vipimo vyote. Mimi nilitaka ndege ambayo hakuna mwingine angeijenga kama ilivyo: ile inayotua hapa Mpanda, ya mapangaboi mawili, mabawa yamekaa mgongoni kama mtu aliyejitwika ubao. Michoro sikuwa nayo. Nilikuwa na uzio wa uwanja.

"We dogo, unahesabu nini hapo?" mlinzi aliniuliza siku ya kwanza.

"Madirisha, anko."

"Ya nini?"

"Ya shule."

Hapa kwetu ukisema kitu ni cha shule, mtu mzima anaona aibu kuendelea kuuliza, asije akaulizwa yeye. Aliniacha. Shida yangu ikawa vipimo, maana madirisha unaweza kuyahesabu kwa mbali lakini urefu huwezi. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja wa uwanja, mwenye fulana ya kung'aa, ambaye kila ndege ikitua anakuja kusimama kando ya tairi. Nikaamua huyo ndiye rula yangu. Siku moja alipotoka kwenda kula kwa mama ntilie, nikapanga foleni nyuma yake, nikanyooka kama mwanajeshi. Kichwa changu kilifika kwenye sikio lake. Mimi nina futi tano na inchi tano kwa mujibu wa fremu ya mlango wa darasa letu, kwa hiyo yeye nikampa futi tano na tisa. Kuanzia hapo nikapima kila kitu kwa yule baba. Tairi lilimfika kiunoni. Mlango ulikuwa yeye mmoja na shingo ya mwingine. Ndege nzima ilikuwa yeye mara kumi na tisa akilala chini, Mungu apishe mbali.

Likizo nzima niliimaliza humo. Nilipoiposti, nikaandika kwamba nimeitengeneza nikitumia uzoefu wangu kazini. Sifa zikaja. Watu wakaanza kuniita mheshimiwa. Wiki ya pili mtu mmoja wa nchi ya baridi akaipakua, akaibandika makombora sita chini ya mabawa, akairudisha ukurasani na kuandika "Toleo lililoboreshwa." Ndege inayobeba mapadri na maafisa kilimo ikawa inalipua meli. Ndiyo ustaarabu wa kule: ukishagawa, umegawa.

Sasa nije kwa Bibi.

Bibi ni mama yake baba, mkulima wa mpunga wa Majimoto, na kama bibi wote ananiita mume wangu. Na kama wajukuu wote, mimi naruhusiwa kumtania mpaka mwisho. Mwaka huo aliletwa kwetu kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia lilibaki na mwanga tu: anajua hapa dirisha, hapa mtu, mtu gani hajui. Daktari wa hapa mjini akasema lina mtoto wa jicho na juu yake presha ya macho, lazima likapasuliwe hospitali kubwa Dar es Salaam, na likichelewa, presha italimaliza na hakuna atakayeweza kulirudisha. Shangazi yangu anayeishi Dar akapata miadi, Jumatano moja ya mwisho wa mwezi. Basi halikuwezekana. Bibi alianguka na pikipiki mwaka uliotangulia, nyonga yake haikubali kukaa siku nzima. Shangazi akakata tiketi mbili za ndege, ya Bibi na ya baba wa kumsindikiza.

Bibi akasema haendi.

Tulidhani anaogopa urefu. Mama akamwambia wengi wamepanda na wamerudi wazima. Bibi akasema yeye kufa haogopi, waliokufa anawajua wengi kuliko walio hai.

"Sasa tatizo nini, mama?" baba akauliza.

"Basi linasimama," akasema Bibi. "Nikibanwa namwambia dereva nataka kuchimba dawa, anaegesha, nashuka, naingia kichakani, narudi. Huyo wa angani ataegesha kwenye tawi gani?"

"Kuna choo humo ndani, mama."

"Umekiona?"

"Sijakiona, ila kila mtu anajua."

"Na mimi kila mtu aliniambia wewe utakuwa padri."

Baba hajawahi kupanda ndege, na Bibi hapokei habari ya mtu ambaye hakuwepo. Nyumba nzima mtu pekee aliyekuwa na ndege alikuwa mimi.

"Bibi," nikasema, "mke wangu, ile ndege nimeijenga mimi mwenyewe. Iko humu kwenye simu. Njoo nikutembeze."

Akaja. Nikakaa naye kwenye kochi, simu mikononi, na hapo ndipo nilipogundua utamu wa kumwonyesha kitu mtu asiyeona: unasema chochote. Nikamwambia huu mlango, hizi ngazi, haya madirisha. Akaitikia kila kitu kwa "mm."

"Na choo?"

Ndege yangu ndani ilikuwa tupu kama debe. Wajenzi tunajenga kile kinachoonekana.

"Kiko nyuma, Bibi."

"Kina mlango?"

"Kina."

"Unafungwa kwa kitu gani?"

Nikasema tuache hayo, kwanza aone inavyoruka. Nikaiwasha, nikaipandisha, na kwa sababu nilikuwa nawaza komeo la choo, bawa likagusa kilima. Mlipuko wa gemu lile ni wa kweli kabisa. Na sauti nilikuwa nimeiweka juu ili anogewe.

"Nini hicho?" akauliza.

"Abiria, Bibi. Wanapiga makofi."

Akasema taratibu, "Mume wangu, yaliyooza ni macho. Masikio bado." Akajishika kwenye mkono wa kochi, akasimama. "Siendi. Kuanzia leo asinitajie mtu hiyo ndege."

Jioni ile baba hakunipiga, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, "Nilikuwa nimebakiza kidogo akubali. Ana jicho moja. Umelifanyia mzaha." Halafu akaongeza, "Umeharibu wewe, tengeneza wewe." Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nikaanza na choo. Shida ni kwamba injinia mwenye miaka arobaini na moja hawezi kuingia ukurasani na kuuliza choo cha ndege yake mwenyewe kiko wapi. Nikafikiria usiku mzima, asubuhi nikaandika hivi: "Vijana, leo nawajaribu. Nani anajua choo kiko wapi kwenye ndege hii, mlango unafungwaje, na mtu mzima anashika wapi?" Yalikuja majibu ya kipuuzi mengi. Mmoja akachora choo kikining'inia mkiani. Lakini akatokea mama mmoja aliyesema amehudumia abiria kwenye ndege za namna hiyo kwa muda mrefu. Akaandika kwa mpangilio: kiko upande gani, mlango unakunjwa kwa kusukuma katikati, komeo unaliteleza pembeni na taa inawaka, na kuna kishikio ukutani, kimo cha kiuno. Mwisho akaandika, "Mheshimiwa injinia, nahisi una safari na mtu wako. Mwambie akiwa na shida ya miguu aombe kiti cha karibu, watampa." Alinijua. Hakunitangaza.

Kwa siku nne nikajenga ndani. Choo, mlango wa kukunja, komeo, kishikio. Viti vyote, kimoja kimoja, na mikanda. Kwenye kiti cha karibu na choo nikamkalisha bibi mwenye kitenge, maana siwezi kujenga kitu bila kutia upuuzi. Nikaiposti na kuandika tu kwamba hili ni toleo lenye choo. Ilipata wapenzi wengi kuliko ile ya kwanza, jambo lililoniuma kidogo, maana kumbe rivetu zangu zote, vile vijimisumari vya mwilini mwa ndege, hazikuwa na maana.

Kisha nikaenda kwa Bibi na kumsomea maneno ya yule mama, neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale pa kishikio.

"Huyo mama alikuwemo?"

"Alikuwemo, Bibi. Miaka."

"Haya." Akafikiri. "Basi wewe nirushe. Toka hapa mpaka kwa shangazi yako, yote, usikatishe njia. Nataka nijue kiuno changu kitasema nini. Ukiniangusha tena, nawapigia simu Majimoto waje wanichukue, nikavune."

Tulipanga Jumamosi mchana, siku nne kabla ya miadi. Safari yenyewe shangazi alisema ni kama saa moja mpaka Tabora, inashusha na kupakia, halafu saa moja na nusu mpaka Dar. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Simu yangu, ambayo ni ya baba ya zamani na imepasuka kona, ilikuwa na chaji nusu. Nikajiambia itatosha. Mimi ndiye huyo niliyejiambia vilevile kuhusu mashine ya kusaga.

Bibi alikuja amevaa vizuri, na kikapu. Akakaa kwenye kiti cha mbao, akasema kochi ni uongo, ndege haiwezi kuwa laini hivyo. Mama akamfunga kanga kiunoni kama mkanda.

"Dereva hujambo?" Bibi akasema.

"Sijambo Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Endesha polepole, nina mayai." Kweli, kwenye kikapu kulikuwa na mayai.

Gemu halina Tanzania. Lina bahari na visiwa vyenye majina ya kizungu. Kisiwa cha katikati nikakipa cheo cha Tabora, kile cha mbali kikawa Dar es Salaam. Nikapaa. Naongoza kwa kuinamisha simu, kwa hiyo mtu aliyechungulia dirishani angeona kijana anacheza ngoma akiwa amekaa, na bibi amefungwa kwenye kiti. Simu ikapata moto, nikaipakata juu ya kitambaa kibichi. Mama akapita na sinia, "Abiria, karanga?" kwa sauti ya puani ambayo sijui aliitoa wapi. Bibi akachota mbili, akauliza zimelipiwa au zitadaiwa.

Katikati ya bahari akasema amebanwa. Akafungua kanga, akachukua fimbo, akaenda chooni, kile chetu cha nyuma ya nyumba. Nilikuwa naizungusha ndege juu ya maji nikimsubiri, jasho linanitoka, maana hapo ndipo naangushaga. Akarudi, akakaa, akajifunga.

"Kishikio hakuna," akasema.

"Hicho ni chetu Bibi. Cha ndege kina."

"Najua. Natania."

Tabora nilitua vizuri. Nasema kweli, sijawahi kutua vile. Matairi yaligusa kama paka anavyoshuka mezani. Bibi akasikia, akaitikia kwa kichwa mara moja, na mimi nikaona mama amesimama mlangoni ameziba mdomo. Tukapumzika, tukapakia abiria wa Tabora, tukapaa tena. Na hapo, hatujafika hata mbali, kioo kikawa cheusi. Chaji imekwisha.

Injini zikanyamaza. Sikuwaza. Midomo yangu ilianza yenyewe kuvuma: vvvvvvv.

"Sauti imebadilika," Bibi akasema.

"Tumepanda juu, Bibi. Hewa nyepesi. Vvvvvvv."

"Mm."

Nikavuma. Jaribu kuvuma dakika tano uone. Midomo inawasha, inakuwa si yako.

"Injini yako inapumua," Bibi akasema.

"Ni mawingu."

"Mawingu yanapumua?"

"Tunaingia, tunatoka. Vvvvvvv."

Baba akaingia kutoka mjini. Akaona simu nyeusi mikononi mwangu, akaniona navuma, akafungua mdomo. Bibi akanyoosha fimbo kuelekea alipo. "Kaa chini. Abiria wote wamekaa." Baba akakaa.

Nikajaribu kufupisha. Nikasema naona taa za Dar. Bibi akasema mchana huu taa za nini, halafu shangazi yako alisema saa moja na nusu, usiniwahishe, atakuwa hajafika uwanjani. Nikavuma. Nilivuma mpaka mate yakakauka, mama akaniletea maji na kuninywesha kama mgonjwa, na kila nikimeza Bibi anauliza, "Mawingu?" na mimi naitikia kwa kichwa, nasahau haoni. Sijui ilichukua muda gani. Najua mwishowe midomo ilikataa, nikatua. Nikagonga meza mara mbili, hayo ndiyo matairi, nikapiga makofi ya abiria, na baba, Mungu ambariki, akapiga pia.

Bibi akafungua kanga. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mapajani.

"Simu imezimika tangu lini?"

Nilimwangalia baba. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari ulimini, wote mzuri. Nikauona ule mkono wake juu ya kanga, anavyopapasa pembe kujua kama zimekutana.

"Tangu Tabora, Bibi."

"Umenivumia kwa mdomo kutoka Tabora."

"Ndiyo."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama hakuonekana. Mimi nilikuwa nasubiri neno Majimoto.

"Basi nitaenda," Bibi akasema. "Rubani wa huko akiwa mwongo kama wewe, tukianguka sitajua. Nitamsalimia malaika nikidhani ni shangazi yako." Akageuza uso upande wa baba. "Na nyonga imekubali. Nilikuwa naisikilizia hiyo, si haya mavumo yake. Ningeweza kukaa mpaka Zanzibar."

Kumbe alijua tangu mvumo wa kwanza. Aliniacha niteseke kwa sababu tu ilikuwa tamu.

Waliondoka Jumanne. Nilisimama uzioni nikaiona ndege inapaa na Bibi ndani, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu chochote. Jumatano simu ya baba haikupatikana mpaka jioni. Hatukula vizuri. Alhamisi wakamfungua bandeji, na shangazi akatupigia akilia kwa namna ambayo tulidhani imeharibika, kumbe Bibi alikuwa amemwangalia na kumuuliza kwa nini amenenepa hivyo.

La kushoto lilibaki limekufa. La kulia likarudi, si kama la kijana, lakini kwa miwani anasoma. Alirudi Mpanda mwezi uliofuata, akalalamika kwamba watu wa ndege hawasalimiani, wanakaa kama wamegombana. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Kumbe una chunusi. Na mimi nilikuwa najisifia kwa wanawake wenzangu." Nilicheka sana. Nilikuwa na furaha ya kweli, na furaha ikanizuia kufikiri.

Maana kulikuwa na jambo ambalo sikulipigia hesabu tangu mwanzo. Bibi anajua kusoma, alifundishwa kanisani akiwa msichana. Na kwa miaka miwili, tangu jicho lianze kufifia, kila muhula ripoti yangu ya shule nilikuwa namsomea mimi, hata kwa simu akiwa Majimoto. Kwa matokeo yale nilikuwa nimeshapewa majogoo mawili.

Asubuhi ya pili aliomba aletewe bahasha ya ripoti zote, ajifurahishe. Akakaa karibu na dirisha, akavaa miwani.

"Hisabati ulinisomea tisini na moja."

"Ndiyo, Bibi."

"Hapa pameandikwa kumi na tisa."

"Jicho bado halijatulia, Bibi. Daktari alisema lipewe muda."

Akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa kanga, kioo kimoja, kisha kingine, bila haraka. Akaivaa tena, akaisogeza karatasi karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kisha akamwita baba, kwa sauti ya upole kabisa, aje na yeye asome.